Mpaka wa Dhima ya Kiatu

Raba za kukimbilia ni vitu vigumu kuvivunja. Mwaka 2013 watafiti wa Massachusetts Institute of Technology, nchini Marekani, walichambua jozi moja ya raba hizo wakakuta ina vipande 65 na kwamba hupitia hatua zaidi ya 360 kiwandani. Walikadiria kuwa jozi hiyo husababisha kilo 14 hivi za hewa ya ukaa, na zaidi ya theluthi mbili ya mzigo huo hutokana na kazi ya kiwandani, kabla mvaaji hajafunga kamba. Povu, mpira, nyuzi za plastiki na ngozi hugandishwa kwa joto na gundi ili visiachane hata vikilowa. Uimara huo unaosifiwa dukani ndio unaofanya raba zikichakaa zisirudi tena kuwa malighafi. Na dunia hutengeneza viatu vya kila aina zaidi ya jozi bilioni 20 kwa mwaka.

Kampuni kubwa za mavazi ya michezo zimejibu kwa ufundi. Nike ilianza kukusanya raba zilizochakaa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuzisaga ziwe sakafu za viwanja vya michezo. Mwaka 2015 adidas, ikishirikiana na shirika la Parley for the Oceans, ilionyesha kiatu cha mfano kilichofumwa kwa plastiki iliyotolewa baharini. Patagonia ilinunua ukurasa wa gazeti la The New York Times, Novemba 2011, ikawasihi wasomaji wasinunue koti ambalo yenyewe ililiuza. Juhudi hizo zina thamani. Hata hivyo zimeegemea juu ya swali ambalo ufundi peke yake hauwezi kulijibu: aliyetengeneza kitu, au aliyekivaa, dhima yake juu ya kitu hicho inaishia wapi? Mazoea ya biashara hujibu upesi kwamba inaishia pale kitu kinapouzwa au kutolewa. Dini na falsafa hazijawahi kuridhika na jibu hilo, nazo zina haki ya kutoridhika.

Isaka ni mahali panapofaa kulitazama swali hili, kwa sababu ncha zote mbili za mnyororo wa mavazi zinaonekana hapo. Mji huu wa wilaya ya Kahama, mkoani Shinyanga, uko kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza iliyokamilika mwaka 1928, na una bandari kavu inayohudumia shehena za Rwanda na Burundi. Makontena hushushwa kwenye treni, hupakiwa kwenye malori, kisha hufuata barabara ya Kahama kuelekea mipakani. Reli mpya ya kisasa ya kutoka Mwanza hadi Isaka, yenye urefu wa kilomita 341, ilianza kujengwa mwaka 2021. Pembeni mwa njia hizo kuna mashamba ya pamba ya Usukuma, na upande wa magharibi na kaskazini kuna ukanda wa dhahabu wa Buzwagi, Bulyanhulu na Geita. Pamba mbegu huvunwa, hupelekwa kwenye chama cha msingi cha ushirika, huchambuliwa, na sehemu kubwa ya pamba nyuzi huuzwa nje ya nchi. Nguo na viatu hurudi vikiwa vimekwisha kuvaliwa na watu wengine, vimebanwa ndani ya marobota, na huishia kwenye turubai chini ya jua la mnadani. Mkulima wa Kahama anaweza kuuza pamba na kununua fulana ya mtumba siku moja, wala hakuna mtu katika safari nzima ya bidhaa hizo mbili anayewajibika kwake kama mtu.

Mila kubwa za kidini zinazofuatwa katika eneo hili zinakubaliana juu ya jambo la msingi: binadamu si mmiliki wa mwisho wa dunia. Uislamu unamwita khalifa, aliyekabidhiwa ardhi na atakayeulizwa namna alivyoitunza. Qurani inakataza israfu katika kula na kunywa kwenye aya ileile inayowaamuru waumini wavae vizuri waendapo kuswali, na hivyo mavazi na kiasi vimewekwa pamoja. Ibn Majah amepokea hadithi inayokataza kufuja maji ya udhu hata kwa mtu aliye kando ya mto unaotiririka. Hadithi hiyo ina uzito mkubwa kwa suala la viwanda, kwa sababu mtoni maji hayapungui kwa kutawadha mtu mmoja. Kosa la kufuja, kwa mafundisho hayo, halisubiri uhaba ndipo liwe kosa. Lipo katika tendo lenyewe na katika namna linavyomlea mtendaji.

Ukristo nao unaanzia bustanini. Kitabu cha Mwanzo kinamweka mtu Edeni ili ailime na kuitunza, kazi mbili zilizotajwa kwa pumzi moja. Papa Francis, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliuhusisha uharibifu wa mazingira na utamaduni wa kutupa: jamii iliyozoea kutupa vitu, alifundisha, huzoea pia kuwatupa watu. Lakini mafundisho yanayogusa viatu moja kwa moja ni ya zamani zaidi. Katika karne ya 4, Basili, askofu wa Kaisaria huko Kapadokia, nchi iliyowahi kukumbwa na ukame na njaa katika siku zake, aliwahubiria matajiri waliojaza maghala. Aliwaambia kuwa chakula walichokizuia ni cha mwenye njaa, nguo walizofungia sandukuni ni za aliye uchi, na viatu vinavyooza nyumbani mwao ni vya anayetembea pekupeku. Basili hakuwaomba wawe wakarimu. Alidai kuwa ziada ile tayari ni mali ya mtu mwingine, na anayeikalia anamdhulumu.

Mafundisho haya yakichukuliwa kwa uzito, juhudi nyingi za uendelevu zinaonekana kujibu nusu ya swali. Kampuni ikipunguza hewa ya ukaa kwa kila jozi kwa sehemu moja ya kumi, kisha ikauza jozi nyingi zaidi kwa theluthi, imeongeza madhara huku ripoti yake ikionyesha maendeleo. William Stanley Jevons aliligundua jambo hilo katika makaa ya mawe ya Uingereza mwaka 1865: mashine zilipotumia makaa machache zaidi kwa kazi ileile, nchi ilichoma makaa mengi zaidi, kwa kuwa nishati ilikuwa imekuwa rahisi. Kuna tofauti ya kimaadili kati ya kufanya kitu kwa ufanisi na kuwa na kiasi. Ufanisi huuliza kitu kimetengenezwaje. Kiasi huuliza kama kinahitajika. Mfumo wa biashara ya michezo, wenye jezi mpya kila msimu, ya nyumbani, ya ugenini na ya tatu, umejengwa ili swali la pili lisiulizwe. Shabiki wa Simba au Yanga anayevaa jezi ya msimu uliopita hana upungufu wowote wa nguo. Anachofanywa akione ni kwamba amepitwa na wakati. Kiasi, ambacho wahenga wa dini zote mbili walikihesabu kuwa nidhamu ya nafsi, hakiwezi kufumwa kiwandani.

Liko pia suala la ukweli wa madai. Torati, Mithali na Qurani zinalaani vipimo vya udanganyifu, na sura nzima ya Qurani, ya 83, imepewa jina la wapunjao. Mizani ya leo ni lebo. Mnunuzi hawezi kuona hewa ya ukaa wala sumu iliyomwagwa mtoni, kwa hiyo anategemea kabisa neno la muuzaji, kama mkulima wa pamba anavyotegemea mizani ya mnunuzi asiyoweza kuihakiki. Mwaka 2022 mamlaka ya kulinda walaji ya Norwei iliamua kuwa kampuni ya Norrøna ilikuwa ikiwapotosha wateja kwa kutumia takwimu za jumla za kipimo cha athari za kimazingira kiitwacho Higg kueleza manufaa ya fulana zake. Takwimu hizo zilihusu pamba ya aina fulani kwa wastani wa dunia, wakati mteja aliaminishwa kuwa zinaihusu fulana aliyoishika. Umoja wa Ulaya umepitisha mwaka 2024 sheria inayokataza madai ya jumla ya urafiki na mazingira yasiyo na ushahidi. Sheria hiyo, kwa lugha ya kidini, inarudisha mizani sokoni.

Wastani wa dunia unaficha mengi kuhusu pamba ya Usukuma. Pamba hii hutegemea mvua, hailimwi kwa umwagiliaji, na mkulima wa ekari chache hutumia mbolea kidogo au hatumii kabisa. Mzigo wake mkubwa ni viuatilifu na bei isiyotabirika. Wilayani Meatu, iliyokuwa sehemu ya Shinyanga hadi mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, mradi wa bioRe umekuwa ukinunua pamba hai, yaani ya kilimo kisichotumia kemikali za viwandani, tangu mwaka 1994 kwa ajili ya kampuni ya Remei ya Uswisi. Wakulima huingia mkataba, huhakikishiwa mnunuzi, hupewa mafunzo na kulipwa nyongeza juu ya bei ya soko. Kwa maadili, jambo la maana katika mpango huo ni uhusiano wenyewe kuliko lebo inayobandikwa mwishoni. Mnunuzi anajua pamba imetoka kijiji gani na amejifunga kurudi msimu ujao. Mahali ambapo biashara ya kawaida inakata uzi wa dhima kila bidhaa inapobadilisha mikono, hapa uzi umeachwa mzima angalau kutoka shambani hadi kwa mshonaji. Baada ya hapo, fulana ya pamba hai inaingia kabatini kama fulana nyingine, na hatima yake ni ileile ya nyingine.

Hatima hiyo kwa kawaida huitwa sadaka. Mvaaji wa Ulaya au Amerika Kaskazini huweka raba zake kwenye kisanduku cha hisani, akiamini kuwa kuna mtu atakayezipata bure. Kinachofuata ni biashara. Raba huchambuliwa, hupangwa kwa madaraja, hubanwa kwenye robota, huuzwa kwa kilo, husafirishwa, na kufunguliwa upya na mama au kijana aliyekopa mtaji kulinunua bila kuliona ndani. Akibahatika hukuta njumu zisizo na mkwaruzo. Asipobahatika hukuta soli zilizoachia, viatu vya mguu mmoja, buti za theluji. Aliyetoa amepata utulivu wa moyo, mchambuzi amepata faida, na hatari yote imemshukia aliye na mtaji mdogo kuliko wote. Kisichouzika huchomwa au hutupwa dampo, na gharama ya dampo hilo inabebwa na halmashauri.

Mafundisho ya dini kuhusu utoaji ni makali kuliko desturi hii. Sura ya Al-Baqara, aya ya 267, inawataka waumini watoe katika vilivyo vizuri, wala wasikusudie kutoa kibovu ambacho wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kufumba macho. Kigezo hicho kinaweza kutumiwa na mtu yeyote mbele ya kisanduku cha hisani: je, mtoaji angezipokea raba hizi kwa mtu mwingine akazivaa? Fikihi nayo ina neno juu ya robota lenyewe. Biashara yenye gharar, ambamo mnunuzi hajui anachokinunua, imekatazwa kwa sababu inamfanya mmoja alipe kwa matumaini na mwingine apokee kwa uhakika. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, wamekuwa waangalifu sana juu ya kuuza kitu kisichoonekana. Robota lililofungwa kwa mikanda ya chuma ni mfano ambao wangeutambua mara moja.

Hata hivyo hukumu juu ya mitumba haiwezi kuwa ya upande mmoja. Raba iliyovaliwa miaka miwili Hamburg na mitatu Kahama imepunguziwa madhara kwa kila siku ya kuvaliwa kuliko hila yoyote ya kiwandani inavyoweza kufanya. Kijana anayecheza mpira kwenye uwanja wa changarawe hupata njumu za mtumba ambazo zikiwa mpya asingezigusa. Wachuuzi, wafuaji, mafundi na wapagazi wanaishi kwa kazi hiyo. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipokubaliana mwaka 2016 kuondoa nguo na viatu vya mitumba ifikapo 2019, zilitumia hoja mbili ambazo kila moja ina uzito: kulinda viwanda vya ndani na kulinda heshima ya wananchi. Chama cha wafanyabiashara wa vitu vilivyotumika cha Marekani kililalamika mwaka 2017, na serikali ya nchi hiyo ikatishia kuondoa unafuu wa kibiashara wa AGOA, ulioziwezesha bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Tanzania, Uganda na Kenya zilirudi nyuma. Rwanda, nchi ambayo shehena zake hupita Isaka, ilishikilia ushuru wake, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika unafuu huo. Kwa mtazamo wa maadili tukio hili linasema wazi jambo ambalo lugha ya hisani hulifunika: kitu anachoadhibiwa mtu kwa kukikataa hakiwezi kuendelea kuitwa zawadi. Zawadi ina sharti la uhuru kwa pande zote mbili.

Pembeni mwa mitumba kuna kiatu kingine, ambacho kwa kipimo cha mazingira kinavishinda vyote. Katambuga hukatwa kutoka kwenye tairi la gari lililochakaa, kwa kisu kikali na misumari midogo, bila gundi, bila umeme wala kiwanda. Hudumu miaka, hutembea kwenye miiba, na hurekebishwa na mvaaji mwenyewe. Wafugaji wa Kisukuma na Kimasai wamekivaa kwa vizazi. Mwandishi wa sifa za uendelevu angekiweka juu ya orodha, na hapo ndipo tatizo la kifalsafa linapochomoza. Je, mtu asiye na uwezo wa kufuja anastahili sifa kwa kutofuja? Aristotle alifundisha kuwa fadhila ni tabia inayochagua. Anayefanya jema kwa kukosa njia nyingine hajatenda fadhila. Waislamu husoma matendo kwa nia. Kwa misingi hiyo, mvaaji wa katambuga anayesubiri apate fedha anunue raba mpya ana nyayo nyepesi juu ya ardhi, lakini wepesi huo ni wa mfuko wake. Kumsifu kana kwamba amechagua ni kuufanya ufukara wake uwe pambo la hoja ya mtu mwingine. Kumtaka abaki hapo ili dunia ipone ni dhuluma.

Ila ingekuwa kosa kuhitimisha kuwa kiasi cha hiari hakijulikani Shinyanga. Mkoa huu una mfano wake, nao unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu unaonyesha jambo ambalo kampuni za viatu hazijaweza kulipata.

Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili: kipande cha malisho kinafungwa mvua zinapoanza, nyasi na miti ikaachwa ikue, kisha kinafunguliwa kwa mifugo kiangazi kikikaza. Ngitili ya kaya na ya kijiji zote zilitegemea kujizuia. Nyasi zilikuwapo, ng'ombe walikuwapo, na hakuna aliyezigusa kabla ya wakati. Katika karne ya 20 desturi hiyo ilidhoofika. Misitu ilifyekwa kuwaondoa mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na uhamisho wa watu kwenda vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970 ukazitenga kaya nyingi na maeneo zilizoyatunza. Mwalimu Nyerere alipoitembelea Shinyanga mwaka 1984 aliiona kuwa imekuwa jangwa la Tanzania. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulianza mwaka 1986 kwa msaada wa Norwei. Baada ya juhudi za mwanzo za kuotesha miche kwenye vitalu kuleta matokeo madogo, mradi uligeukia walichokijua wenyeji. Ngitili zilirudi, mamia ya maelfu ya hekta yakafunikwa tena na miti na nyasi, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Siri ya ngitili haikuwa wema wa mtu mmojammoja. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, lilikaa na kuweka kanuni: nani afunge wapi, lini ifunguliwe, aliyelisha kwa wizi alipe nini. Sungusungu, walinzi wa vijiji, walizisimamia. Mtu aliyejizuia alijua kuwa jirani yake naye amejizuia, na kwamba atakayevunja kanuni ataulizwa mbele ya watu. Kiasi hapo kilikuwa hiari ya jamii nzima iliyopewa umbo la sheria, na kwa hiyo kinapita mtihani wa Aristotle bila shida: walichagua, na waliweza kuchagua vinginevyo. Walionufaika ni pamoja na ambao hawajazaliwa. Hans Jonas, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliandika mwaka 1979 kuwa nguvu mpya za teknolojia zinamdai binadamu wajibu kwa vizazi vya mbali. Wenye ngitili walikuwa wakiutekeleza wajibu wa namna hiyo kwa kipimo cha kijiji, bila kuusubiri uandikwe.

Tasnia ya viatu haina dagashida. Zipo jumuiya za kampuni zinazojiwekea viwango, zipo kamati za wataalamu, lakini hakuna baraza ambamo mkulima wa pamba, mshonaji wa Dhaka au Ho Chi Minh City, mchuuzi wa mitumba na mzoa taka wanakaa kama wenye haki ya kuuliza. Jengo la Rana Plaza lilipoporomoka nchini Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu 1,134, ilichukua muda kubaini nguo za kampuni zipi zilikuwa zikishonwa humo, kwa kuwa kila kampuni ilikuwa imetenganishwa na jengo hilo na mawakala na mikataba. Dhima ilikuwa imegawanywa hadi ikafikia hatua ya kutoonekana.

Mwanafalsafa wa Marekani Iris Marion Young, aliyefariki mwaka 2006, alijenga nadharia yake kutokana na mijadala hiyohiyo ya viwanda vya nguo na viatu. Alisema kuwa lawama ya kisheria hutafuta mkosaji mmoja na kuwaachia wengine wote, wakati dhuluma ya mfumo haina mkosaji mmoja. Hutokana na matendo ya kawaida ya watu wengi, wengi wao wasio na nia mbaya. Kwa hiyo kila aliyeungana na mfumo huo kwa kununua, kuuza au kutengeneza ana sehemu ya wajibu wa kuurekebisha, na sehemu hiyo hupimwa kwa nguvu aliyonayo na faida anayoipata. Nadharia hii inafaa kwa Isaka. Mnunuzi wa raba za mtumba ana uhusiano na mnyororo, lakini hana nguvu wala faida kubwa. Sehemu yake ni ndogo. Kampuni inayochagua kama kiatu kitabandikwa gundi au kitashonwa ndiyo inayoamua, miaka mingi kabla, kama kitaweza kurekebishwa Kahama. Sehemu yake ni kubwa kuliko ya mtu mwingine yeyote, na haiwezi kuhamishiwa kwa mtoa sadaka.

Wala lawama haiwezi kuelekezwa ng'ambo tu. Kandambili na yeboyebo za bei ndogo, ambazo hukatika baada ya miezi michache, nyingine hutengenezwa na viwanda vya humuhumu Afrika Mashariki. Kandambili ndizo zilizotapakaa kwenye fukwe za Kenya kiasi kwamba mafundi wa Lamu waliunda jahazi kwa plastiki iliyookotwa na kulifunika kwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000. Jahazi hilo, Flipflopi, lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Tanzania yenyewe ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, lakini kiatu cha plastiki hakijaguswa, na hilo linaeleweka, kwani maskini anaweza kubeba mahitaji yake kwa kikapu ila hawezi kutembea bila kiatu.

Ukanda wa dhahabu unaipa hoja hii kipimo kinachogusika. Mgodi wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, uliacha kuzalisha dhahabu mwaka 2021, na sheria za Tanzania hazikumruhusu mchimbaji aondoke tu. Mgodi mkubwa hutakiwa kuwa na mpango wa ufungaji na dhamana ya fedha kwa ajili ya kurejesha ardhi. Kanuni yake ni rahisi: aliyepata faida kwa kuchimba analipia shimo. Hakuna anayeona ajabu. Kiatu nacho huacha shimo lake, dogo na lililotawanyika katika madampo elfu, na kutawanyika huko ndiko kulikofanya lisidaiwe.

Baadhi ya sheria zimeanza kulidai. Ufaransa iliweka tangu mwaka 2007 utaratibu unaowalazimu wazalishaji wa nguo na viatu kulipia ukusanyaji na uchakataji wa bidhaa zao zikichakaa. Umoja wa Ulaya umepitisha mwaka 2025 sheria inayozitaka nchi zake zote zifanye hivyo. Kenya, kwa sheria yake ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022, imetambua wajibu wa mzalishaji kwa bidhaa zinazoingia sokoni mwake. Hatua hizi ziko karibu na mafundisho ya Basili na ya khalifa kuliko matangazo yote ya plastiki ya baharini, kwa sababu zinakubali kuwa dhima haifi kwa risiti. Kasoro yake iko kwenye mpaka. Ada ya kiatu kilichouzwa Lyon hubaki hasa katika mfumo wa Ufaransa, hata kiatu kikisafiri na kumalizia maisha yake kwenye mnada wa Usukuma. Wapo wanaohofia kuwa kudai ada ifuate kiatu kutazifanya kampuni zizuie mitumba na kuwanyima wachuuzi riziki. Hofu hiyo ina msingi, lakini inaelekea kwenye kuratibu malipo vizuri, haielekei kwenye kuyafuta.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, Mfaransa anayepeleka kiatu chake kwa fundi aliyesajiliwa hupunguziwa bei, kwa viwango ambavyo mwanzoni vilikuwa kati ya euro 6 na 25 kwa nguo na viatu, na fedha hizo hutoka kwenye mfuko unaochangiwa na wazalishaji. Serikali ya huko imekubali kwamba kurefusha maisha ya kiatu ni huduma kwa umma na kwamba mzalishaji ana deni kwa anayeifanya. Fundi viatu wa Isaka, mwenye sindano, uzi wa nailoni na vipande vya tairi, huishona soli ya kiatu hichohicho miaka michache baadaye, katika hali mbaya zaidi, kwa mteja mwenye fedha kidogo zaidi. Kazi ni ileile na kiatu ni kilekile. Ikiwa deni ni la kiatu, kama sheria ya Ufaransa inavyokubali, naye anadai.